Mtani Aliyelala Chini ya Ukuta

Tarehe 27 Novemba 1961 ndiyo siku iliyozaa msemo mliousikia leo ukumbini, wanangu, mkauliza umetoka wapi: "Ukuta uliotaniwa hauanguki." Methali hii ilianza hivi.

Uhuru wa Tanganyika ulikuwa mlangoni! Mji wetu wa Lihanje haukuwa na jengo hata moja ambalo wananchi wangeliita lao. Tukaamua kujenga Ukumbi wa Uhuru kwa mikono yetu. Wanaume walifyatua na kuchoma matofali, wanawake tulichota maji, na jioni tulirudi nyumbani tukiimba, udongo ungali miguuni. Bendera mpya ingepandishwa mbele ya ukumbi huo, na watoto wangeimba chini ya ukuta wa mbele. Miongoni mwao alikuwa Veneranda, binti wa fundi mkuu, Mzee Gama.

Gama alikuwa Mngoni, fundi hodari mwenye fahari. Kwa haraka ya kuiwahi siku ya Uhuru, aliupandisha ukuta wa mbele mvuani, tofali juu ya tofali, bila kusubiri udongo ukauke. Ukuta ukafanya tumbo. Sote tuliliona, lakini nani angethubutu kumkosoa mzee hadharani?

Mngoni, hata hivyo, ana mtani wake, Mhehe, na mtani hakatazwi neno. Bi Kihwele, mchota maji mwenzetu, alitua debe lake akaangua kicheko.

"Wewe Mngoni! Ukuta wako una mimba. Utajifungua lini?"

"Nyamaza, Mhehe! Babu zako walikimbia mikuki yetu. Wewe utayajulia wapi majengo?"

"Walikimbia? Walikuwa wakiwafukuza ninyi!"

Kisha akafanya kama watani wafanyavyo msibani, wanapojilaza kaburini na kugoma kutoka. Alijinyoosha chini ya ukuta ule, akajifunika khanga usoni.

"Nimekufa! Nizikeni papa hapa!"

Watu walicheka hadi machozi. Gama hakucheka.

"Ondoka hapo, mtani! Utaangukiwa!"

Kicheko kilikatika. Bi Kihwele alifunua uso taratibu.

"Mimi niondoke. Na Veneranda je?"

 Gama alimvuta mkono hadi mbali, akatwaa mti mrefu, akausukuma ukuta mara moja tu. Uliporomoka kwa kishindo, vumbi jekundu likatufunika sote.

"Mtani, umeniua," alisema Gama.

"Nimekuzika tu. Sasa fufuka, tujenge!"

Basi mji mzima ulimiminika! Hata wagonjwa walileta tofali mojamoja. Safari hii Gama aliusubiri udongo, nasi tukausubiri pamoja naye, tukiuezekea nyasi mvua isiuguse.

Tarehe 9 Desemba paa lilikuwa nusu, lakini ukuta ulikuwa wima. Bendera ya kijani, nyeusi na dhahabu ilipanda, Veneranda akaimba chini ya ukuta, na Gama akalia bila kujificha.

Ukuta huo wa pili, uliozaliwa na utani, ndio mliouegemea leo. Nanyi, mkimwona mwenzenu amenuna kwa kuambiwa kosa lake, mpeni kisa hiki, naye ampe mwingine: ukuta uliotaniwa hauanguki.