Bibi Tumwagile na Misonobari ya Wajukuu

Wenye masikio, mpo?

— Tupo, leta!

Niilete nzima au nusu?

— Nzima, na mkia wake!

Basi sogeeni. Na wewe unayekoroma mapema, kaa karibu nami nikufinye.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, juu milimani kwenye ukungu, aliishi Bibi Tumwagile. Alikuwa na wajukuu wengi kuliko vijiko vyake. Kila alipozaliwa mjukuu, bibi alipanda msonobari nyuma ya nyumba na kuupa jina la mtoto. Aliipanda karibu karibu, ikabanana. Majirani wakimuuliza, hujibu, "Hawa ni ndugu. Ndani wanalala mkeka mmoja, na nje walale mkeka mmoja!"

Miti ikakua. Ikarefuka, ikakonda, ikagombania maji chini na jua juu. Bibi hakuona. Macho ya bibi kwa wajukuu mnayajua wenyewe.

Siku moja akaja Kigong'ota, yule ndege mwenye mdomo mgumu. Akagonga gome, ko ko ko, akasikiliza.

"Shikamoo, bibi. Miti yako ina njaa. Haina utomvu wa kujikinga. Ipunguze, la sivyo Dumuzi ataimaliza yote."

"Nimkate Lugano, nimbakize Sekela? Toka hapa!" Bibi akamrushia ufagio.

Kumbe Dumuzi, mdudu mla magome, alikuwa chini ya jani anasikia. Akatoka, akainama mpaka chini.

"Shikamoo, bibi mwenye huruma! Usimsikilize huyo. Nani anakata mjukuu wake? Mimi naomba kijitundu tu, nilale na mke wangu."

Bibi akayeyuka. Dumuzi akamtoboa Lugano. Utomvu haukutoka hata tone. Akaingia, akazaa, wanawe wakazaa. Lugano akageuka rangi ya kutu. Kisha Sekela. Bibi akashika kichwa.

Kigong'ota akarudi mara ya pili, ko ko ko. "Bibi, kata iliyougua na iliyosongwa, uipeleke mbali upesi. Bado mingine inaweza kupona."

Bibi akashika shoka, akakata huku analia. Alipotaka kuyaburuta magogo, Dumuzi akamnong'oneza, "Bibi jamani, hata matanga? Waache walale hapo hapo, ndugu zao wawaage."

Bibi akaona ni kweli. Akayafunika magogo kwa khanga zake, akakaa matanga.

Kigong'ota akaja mara ya tatu, ko ko ko. "Bibi yangu, nyamaza kidogo. Weka sikio kwenye gogo."

Bibi akaweka sikio. Ndani ya gome akasikia ngoma, ukoo mzima wa Dumuzi unaimba:

Bibi atupenda, bibi atupenda,
kitanda katupa, shuka katufunika!

Lo! Bibi akaruka. Akajifunga khanga kiunoni, akayaburuta magogo yote mbali na miti, akayabandua magome, na magome hayo akayachoma moto. Waliotoroka, Kigong'ota akawadonoa.

Miti iliyobaki ikapata jua. Ikanywa maji ikashiba, ikanenepa, ikajaa utomvu. Siku moja Dumuzi, aliyekuwa amejificha, akamng'ata Ambakisye. Utomvu ukafoka! Ukamnasa mdomo, ukamnasa miguu, ukamnasa tumbo.

"Bibi mwenye huruma, niokoe!"

"Aa, mwanangu," bibi akasema kwa upole, "wewe lala hapo hapo."

Mbao za magogo yale bibi akazichongesha vitanda. Lakini Lugano mwenyewe, yule mtoto, alikuwa hajaambiwa. Jioni akaja, akaketi kitandani. "Bibi, mti wangu uko wapi?"

"Umeukalia, baba."

Lugano akapapasa kitanda. Akajinyoosha, mikono huku, miguu kule. Akacheka. "Bibi! Leo hakuna wa kunipiga teke!"

Bibi akamkumbatia, akalia, akacheka, vyote pamoja.

Wanangu, hadithi inatufundisha hivi: umpendaye usimbane, mpe nafasi apumue. Na anayekusifu huku anaomba, mchunguze kwanza. Na ukishakata kilichooza, usikiache mlangoni.

Nimeileta nzima, na mkia wake huu hapa nauweka chini. Haya, kalaleni. Nawe mkoromaji, sogea kidogo, mwenzio apumue.