Palipoungua kwenye Kinara

Ndugu zangu, hebu vuteni picha hii. Sebule ya mjini, mapazia mapya, na kwenye kona vinara viwili vya mishumaa, vya mninga, vya zamani, vimechongwa maua toka chini hadi juu. Pembeni yake amekaa mama mzee ambaye macho yake hayaoni tena.

Vinara hivyo alikuja navyo kutoka kijijini, alipohamia kwa binti yake. Kila jioni baada ya sala alinyoosha mkono, akatafuta shimo dogo kwenye ukingo wa kimoja, mahali palipoungua, akatia kidole gumba na kukiacha humo. Binti aliona. Hakuuliza. Yeye alichoona ni masizi, na nta iliyogandia kwenye maua, na Jumamosi wanajumuiya walikuwa wanakuja kusali kwake.

Basi akavipeleka kwa seremala, akamwambia apige msasa mpaka doa la mwisho litoke.

"Hapa palipoungua pameingia ndani, dada," fundi akasema. "Nikipaondoa, na ua hili linakwenda."

"Liende. Nataka ving'ae."

Vikang'aa kweli. Wageni wakavisifu, mmoja akauliza vimenunuliwa duka gani, na binti akafurahi.

Jioni ile mama akanyoosha mkono. Akapapasa ukingo, akauzunguka mara mbili, akahamia kinara cha pili, akarudi.

"Mwanangu, hivi ni vya nani?"

"Ni vyako, mama. Nimevitengeneza tu."

Mama akapapasa tena pale palipokuwa na shimo.

"Ulikuwa na miaka miwili, ukashikwa na degedege," akasema. "Mshumaa uliisha, moto ukala mti, wala mimi na baba yako hatukuona. Tulikuwa tunasikiliza kama bado unapumua. Nikishika pale, nilikuwa nakuona."

Akaurudisha mkono mapajani. Hakuunyoosha tena kwenye vinara vile, mpaka siku alipozikwa.

Sisi je? Ni wangapi hapa tuna mzazi tunayemtengeneza kwa ajili ya wageni? Akianza kusimulia shida zake tunamkatiza, tunamwambia hayo yamepita. Bwana wetu alifufuka, na alama za misumari hakuzifuta. Wanafunzi wake walimjua kwa hizo.

Sikuja kumgombeza mtu, wanangu. Nawaomba tu mkumbuke jambo moja: kabla hujafuta doa la mwenzio, muulize limetoka wapi.