Kwa Nini Mbwa wa Lihogosa Huamriwa kwa Mluzi

Siku ile, penye udongo wa chumvi wanaoulamba kondoo, juu ya korongo la mlima Lihogosa, walikuwapo Tweve mwana wa Kilomba na mkewe Semgaya, na jirani yao Luvanda wa Chaula, mzee aliyewafundishia watu wote mbwa wao, na mbwa wawili, Sijali wa Tweve na Wataona wa Luvanda. Kondoo wa Tweve walikuwa thelathini. Ndio waliosazwa na ugonjwa, na hakuwa na mali nyingine.

Zamani hizo mbwa wa mlima ule waliamriwa kwa maneno mawili, na kila mji uliyapata kwa Luvanda. Aliyeambiwa "Zunguka" aliwapitia kondoo kwa mbali akawarudisha. Aliyeambiwa "Lala" alijibwaga majanini papo hapo.

Ukungu ulishuka ghafla. Kondoo wa Tweve wakaanza kuteremkia korongoni.

"Sijali, zunguka!" Tweve akaita, na mbwa akachomoka.

Luvanda naye alikuwa akimtuliza Wataona. "Lala!" akanguruma. Sijali akalala.

"Mzee, nyamaza! Kondoo wangu wanakwisha!"

"Mimi ninyamaze? Huyo mbwa alifundishwa na nani, wewe? Hata yeye anamjua mwalimu wake. Lala!"

"Baba, heshima tutakupa nyumbani," Semgaya akasema. "Hapa tupe kimya."

Hakuwapa. Mawe yakasikika yakiporomoka, kisha kondoo. Tweve hakuwa na neno hata moja lisilokuwa la Luvanda. Akakimbilia ukingoni, akatia vidole kinywani, akapiga ule mluzi wa kumwita Sijali kwenye chakula: mrefu, kisha mfupi. Mbwa akamjia mbio, akapita kati ya kondoo na korongo, nao wakageuka.

Walirudi kumi na tisa.

Kesho yake Luvanda alibisha hodi kwa Tweve. "Nifundishe mluzi wako, mwanangu."

"Huu ni wa Sijali, mzee. Tafuta wako."

Luvanda hakuwa na meno ya mbele. Alijaribu kutwa nzima, Wataona akimtazama, pasitoke ila upepo.

Na tangu siku hiyo kila mji wa Lihogosa una mluzi wake, na mtu hapigi wa jirani hata kwa mzaha. Luvanda wa Chaula alifariki kabla ya masika, bado hana wake.