Kibao cha Msitu wa Ngamiani

Hukumu ya kisa hiki nitawaachia ninyi. Kazi yangu ni kueleza mambo yalivyokuwa, basi sikilizeni mpaka mwisho.

Mjini Tanga, katika mtaa wa Ngamiani, palikuwa na uwanja wa kulaza malori, lami tupu toka ukuta hadi ukuta. Mwenye uwanja, Bi Khanifa binti Suedi, alipofiwa na mumewe aliyauza malori yote. Akataka pale pawe msitu mdogo wa miti ya asili, miti iliyobanana kama watu kwenye foleni ya sukari. Akawaita majirani watatu.

Hatibu Semboja alikuwa fundi wa kuvunja. Kuta, misingi, majabali, hakuna kilichomshinda. Kwa sururu na mtaimbo aliivunja lami ile kwa wiki saba, akaitoa nje kipande kwa kipande.

Mwanamvua binti Shekue alikuwa mjuzi wa miti. Alizunguka misitu ya Muheza akiokota mbegu za mvule, mbambakofi na mkwaju, akaziotesha uani kwake. Jirani alipomletea mche wa mwarobaini, aliurudisha. "Huu ni mgeni, mwanangu. Mimi natafuta wenyeji."

Perpetua Mhina alikuwa na mkono wa kuufufua udongo. Chini ya lami palikuwa na mchanga mgumu usio na uhai. Alichanganya samadi, makumbi ya nazi na pumba za mpunga, akawa anachota konzi moja na kunusa. "Bado," alisema kila asubuhi, mpaka siku alipoona nyungunyungu wa kwanza. Miche ilipopandwa, akaimwagilia miaka miwili.

Mwaka wa nne miti iliupita ukuta, na watu wakaanza kuja kuutazama msitu. Hapo ndipo Hatibu alipoanza kuumia. Wageni walimuuliza Mwanamvua majina ya miti. Walimwomba Perpetua awaonyeshe namna ya kuchanganya samadi. Siku moja bwana mmoja mwenye miwani akamgeukia Hatibu.

"Na wewe mzee, ulifanya nini?"

"Nilivunja lami."

"Lami gani?" Bwana yule alitazama chini, akaona majani makavu tu.

Wanawake wale wawili walicheka hadi wakashikana mabega. Hatibu naye alicheka, lakini usiku ule hakumaliza chakula chake.

Jumatatu moja Bi Khanifa akawaita. "Wanangu, Ijumaa fundi anakuja kuandika kibao cha langoni. Kitabeba jina moja tu kati ya yenu. Mkishindwa kukubaliana, nitaandika la marehemu mume wangu."

Hatibu hakuwahi kupata mtoto. Mwanamvua alikuwa na wajukuu wawili walioitwa kwa jina lake, na Perpetua alikuwa na mmoja. Hatibu hakuwa na somo, mtu wa kuitwa kwa jina lake, popote duniani. Kibao kile kisipoandikwa Semboja, jina lake lingezikwa pamoja naye.

Alhamisi alasiri wakakutana langoni.

"Bila mbegu zangu, kaka Hatibu, hapa pangeota magugu," Mwanamvua alisema.

"Na bila mimi ungezipanda wapi? Juu ya lami?"

"Lami, lami! Miaka minne unatuimbia lami!"

Perpetua akajitia katikati yao. Mwishowe akasema, "Mimi nitoeni. Mnaikumbuka ile pembe ya kaskazini? Miche arobaini ilikufa kiangazi cha kwanza. Samadi yangu ilikuwa ya moto, haijaoza vizuri, niliiharakisha. Aliyeua hawezi kuandikwa."

Lakini Hatibu alijua kilichoiua ile miche. Samadi ya Perpetua haikuwa na kosa. Wakati wa kuvunja, Bi Khanifa alikuja akaisifu miche ya Mwanamvua mchana kutwa, asimtupie Hatibu hata salamu. Kwa kijicho, katika pembe ile Hatibu alivunja lami ya juu tu, akaziacha chini kokoto zilizoshindiliwa, akazifunika kwa mchanga. Mizizi haikupata njia. Perpetua alipoililia ile miche, Hatibu hakusema neno. Lakini mwezi uliofuata alirudi na mtaimbo, akapiga magoti siku tisa kati ya miche iliyobaki, akizitoa kokoto bila kukata mzizi hata mmoja. Alidai analegeza udongo. Mwanamvua akapanda mingine, na leo pembe ile ndiyo yenye miti mirefu kuliko yote.

Kama angenyamaza, angebaki na mshindani mmoja tu.

"Dada Perpetua," alisema, "si samadi yako. Ni mimi." Akawaeleza yote.

Perpetua alikaa chini pale pale. "Miaka mitatu nimejiita muuaji, Hatibu! Miaka mitatu!"

"Aliyeharibu kwa makusudi anataka kibao?" Mwanamvua akafoka.

"Niliharibu, nikatengeneza. Na ningeweza kunyamaza."

"Umesema kwa sababu umemwonea Perpetua huruma!"

"Hata hivyo nimesema."

Ijumaa asubuhi fundi alifika na brashi na kopo la rangi nyeupe. Watatu walikuwa langoni, hakuna aliyemtazama mwenzake. Bi Khanifa akatoka, akauliza, "Haya, niandike jina la nani?"

Mvunjaji, mwenye mbegu, mwenye udongo: akikosekana mmoja, msitu haupo. Hatibu alifanya kosa, akalirekebisha kwa siri, akalikiri siku ambayo kukiri kungemgharimu. Brashi imeshachovywa, rangi inadondoka. Ninyi mngemwambia fundi aandike jina gani?