Pono na Nyumba ya Bi Mkasi

Sogeeni, mkeka unatosha. Mmetulia? Haya.

Bi Mkasi, mchokoa pweza, alijenga ufukweni. Bamvu la kwanza, maji makuu yalipojaa, jini la bahari likala mchanga, jiko likaanguka. Bamvu la pili likaenda banda la kuku. "Kesho bamvu la tatu," jini likacheka, "nakula mchanga wa chini ya nyumba!"

Asubuhi maji yalipokupwa, Bi Mkasi alishuka mwambani na njaa yake. Kidimbwini akamkuta samaki pono: kijani kwa buluu, midomo ya waridi kama bi harusi, meno kama mdomo wa kasuku. Alilala fofofo, hajui maji yamemwacha.

"Mvivu wewe! Nikuoke?"

"Nirudishe majini, mama. Nitakufaa."

"Kwa lipi? Kazi yako kula na kulala."

"Kula kwangu ndiko kutakakokufaa."

Bi Mkasi akacheka, na akishacheka na mtu hawezi tena kumla. Akambeba kwa kanga mpaka majini.

Pono akaita ukoo wake. Kutwa wakatafuna matumbawe, kra, kra, kra! Mbele wanameza jiwe, nyuma wanatoa mchanga mweupe, ukajaa mbele ya nyumba. Bamvu lilipokuja, jini likala, likala, likala, mchanga hauishi. Tumbo likawa zito, jini likazama moja kwa moja.

Bi Mkasi akauchota mchanga. "Laini kama unga!"

"Mama," pono akapiga mwayo, "usiuonje." Akalala.

Mpaka leo, mtu akisutwa kwamba analala kama pono, Bi Mkasi huja juu: "Mwacheni! Nyumba yangu imesimama kwa wavivu kama huyo."