Mkono wa Mkandaji

Ndugu zangu, leo sikuja kuwabembeleza. Anayesinzia aamshwe.

Alikuwapo mkandaji mmoja, mama mtu mzima, hodari wa kukanda wazazi. Mnaijua kazi hiyo: mwanamke akijifungua, maji yanachemshwa, kitambaa kinachovywa, tumbo na mgongo vinakandwa. Aliifanya miaka mingi mpaka viganja vikawa sugu. Akitia mkono kwenye maji yaliyotoka jikoni sasa hivi, hasikii kitu. Na watu wakamsifu kwa hilo.

Basi akaitwa kumkanda binti mmoja aliyejifungua mtoto wake wa kwanza. Kitambaa kilipomgusa tu, binti akaruka. Nani alimfundisha kuruka? Mungu ameiwekea ngozi yetu ulinzi: ukigusa moto, mwili unajitoa wenyewe kabla hujafikiri. Binti akasema, "Shangazi, maji yananiunguza."

Mkandaji akatumbukiza mkono wake ndani ya beseni. "Mbona mimi siungui? Acha kudeka, mwanangu. Wote tumepitia haya."

Binti akalia, akaomba yapozwe kidogo tu. Mama mkwe akamkandamiza mabega asijitoe, huku akilalamika kwamba wasichana wa siku hizi ni legelege. Na wageni waliokaa sebuleni? Walisikia kila kitu, wakaendelea kunywa uji wa mzazi. Uji wake yeye!

Baadaye kilio kikakoma. Mkandaji akatabasamu. "Mnaona? Ameshazoea."

Hakuwa amezoea. Alikuwa amezimia, na ngozi ya tumbo ilikuwa imebanduka pamoja na kitambaa.

Naona mnaguna. Mnamgunia nani? Sisi ndio tunaopima maumivu ya wenzetu kwa mikono iliyokufa ganzi, halafu ganzi hiyo tunaiita ukomavu. Mwanamke anakuja jicho limevimba, tunamwambia avumilie kama tulivyovumilia sisi. Mtoto anasema anamwogopa mjomba wake, tunamchapa kwa kukosa adabu. Mungu amewapa sauti ya kulia ili waokolewe, sisi tunawaziba midomo, kisha tunakuja hapa kumwinulia Mungu huyo huyo mikono. Nina hasira, na sitaki kuificha.

Hebu niambie wewe unayeinamisha kichwa. Yule jirani yako aliyekuwa akilia kila siku, na sasa unasema nyumba yake imetulia, umeingia ndani ukamwona?