Viazi Vitatu, Watu Wanne

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nyumba ya udongo, moto unawaka, watoto watatu mkekani. Mpo?

Tupo!

Hapo kale palikuwa na Fumo, dada yake Mwaka, na mdogo wao Kibibi. Mama yao akipika, Kibibi yuko ubavuni. "Mtu mmoja, kiazi kimoja. Hesabu, mwanangu." Kibibi anahesabu kwa kidole.

Siku moja mama akachemsha viazi vitatu, akashika ndoo aende kisimani. "Zimwi likija, mlitaje usoni kuwa ni zimwi, litakimbia. Ila mkimtaja asiye zimwi, limewapata."

Kumbe zimwi liko nyuma ya ukuta! Likajigeuza mtoto, likaingia na moshi. Moshi ukawaingia machoni, wote wakaliona kama ndugu yao. Likakaa mkekani. "Moto ukizimika," likawaza, "naanza na huyu mdogo."

Moto ukafifia.

Kibibi akahesabu. "Moja. Mbili. Tatu." Akagawa viazi. Akatazama mikono yake, mitupu!

"Mbona mimi sina?"

"Si umekula, mlafi wewe!" sauti moja ikasema.

Jamani, alikula?

Hakula!

Moto ukafifia tena. Kibibi akahesabu upya, akaanza na kifua chake. "Moja, mimi. Mbili. Tatu. Nne." Viazi vitatu, watu wanne. Mmoja si wetu! Lakini yupi? Nyuso zote anazipenda. Akikosea, wameliwa. Machozi yakamtoka.

"Usilie, kadogo ketu," mmoja akasema, akavunja kiazi chake. "Shika nusu."

"Na nusu hii hapa," akasema wa pili.

Wa tatu ametia kiazi kizima mdomoni. Anatafuna, macho kwenye moto.

Moto ukafifia, likabaki kaa moja.

Kibibi akaziunganisha nusu zake kiganjani. Nusu na nusu, kiazi kimoja. Huyu kapungukiwa. Huyu kapungukiwa. Nani hakupungukiwa?

Akanyoosha kidole. "Wewe! Wewe ni zimwi!"

Zimwi likapiga ukelele, likatoka mbio, ganda la kiazi limening'inia mdomoni. Moshi ukawatoka watoto machoni.

Mama akarudi, akawakuta wamekumbatiana. "Nani kagawa viazi?"

"Mimi, mama," Kibibi akasema. "Nilikosea mara ya kwanza."

"Ukafanyaje?"

"Nikahesabu tena."

Ngano imetoka kinywani mwangu, imo masikioni mwenu. Na wewe uliyesinzia hapo nyuma, kamuulize mwenzako.